Maswali Yenu: Hawa Wanaomchungulia Meya ni Akina Nani?

Mwezi huu maswali mengi yametoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani na karibu wote wanazunguka jambo moja, hivi vikundi vinavyofuatilia maadili ya viongozi wa majimbo, kaunti na miji vinafanya nini hasa, vina meno au ni kelele tu, na mtu wa kawaida anaingilia wapi. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Mengine nimeyafupisha maana kuna ndugu kaniandikia kurasa nne nzima kuhusu kampuni ya taka ya mjini kwake, ndugu nimekusoma mpaka mwisho, jibu lako liko huko mbele.

SWALI: Mwandishi habari za kazi. Nasikia New York kuna tume ya maadili ya jimbo, halafu nasikia pia kuna Common Cause na wengine wanaojiita waangalizi. Si kitu kimoja hicho? Wanalipwa na serikali? (Mwanafunzi, New York)

JIBU: Nzuri, pole na masomo. Sio kitu kimoja kabisa, na usijisikie vibaya maana hata wenyeji wanachanganya.

Tume ni ya serikali. Imeundwa kwa sheria, inakula bajeti ya jimbo, inaweza kumwita mtu, kumhoji na kumpiga faini. Massachusetts wanayo toka 1978. California wana ya kwao inaitwa FPPC, hiyo ilizaliwa 1974 kwa kura ya wananchi wenyewe, mwaka uleule Rais Nixon alioachia ngazi sababu ya kashfa ya Watergate, kwahiyo unaweza kuwaza watu walivyokuwa na hasira.

Common Cause na wenzake ni raia waliojikusanya, wanaishi kwa michango, na mamlaka ya kukamata hawana hata ya kukamata kuku. Common Cause ilianzishwa 1970 na John Gardner ambaye alikuwa waziri wa afya, elimu na ustawi wa jamii enzi za Lyndon Johnson, na leo ina matawi majimbo mengi. Kuna wakongwe kuliko hao. Hapo hapo kwenu New York kuna Citizens Union, ya mwaka 1897, ilizaliwa kupambana na Tammany Hall, lile genge la siasa lililokuwa limelishika jiji lote mkononi. Better Government Association ya Chicago ni ya 1923, enzi za Al Capone, yule jambazi maarufu.

Sasa uhusiano wao na tume ndo mtamu. Mara nyingi vikundi hivi ndo vinapiga kelele mpaka tume inaundwa, hiyo ya California Common Cause walikuwemo kwenye kuisukuma, halafu ikishaundwa wanageuka wanaanza kuichunga yenyewe. Na inahitaji kuchungwa kweli! Hapo kwenu palikuwa na tume iliyoanzishwa 2011, ikifahamika kama JCOPE, makamishna wake walikuwa wanateuliwa na gavana pamoja na vigogo wa bunge la jimbo, yaani mshtakiwa ndo anamchagua hakimu wa kesi yake. Waangalizi wakalalamika mwaka hadi mwaka, na 2022 ikafutwa ikaja nyingine. Afadhali nyie. South Dakota wananchi walipiga kura 2016 wakapitisha sheria ya maadili yenye tume ndani yake, wabunge wa jimbo wakaifuta Februari 2017 na wakasema ni jambo la dharura ili ufutaji uanze papo hapo. Dharura! Hiyo sijawahi kuisahau.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi napika mgahawani hapa Chicago, kuna mzee tunafanya naye kazi ananisimulia eti zamani gazeti lilinunua baa nzima ili kuwanasa wakaguzi wala rushwa. Ni kweli au ni stori za kijiweni? (Mpishi, Chicago)

JIBU: Marahaba. Mwambie huyo mzee asante, maana ni kweli tupu.

Ilikuwa 1977. Wafanyabiashara wadogo wa Chicago walikuwa wanapiga simu kwenye magazeti kulalamika kwamba wakaguzi wa jiji wanadai chochote, lakini ukiwaambia watoe ushahidi kwa majina wanakaa kimya, nani atataka mkaguzi arudi kesho akiwa na hasira. Basi Better Government Association na gazeti la Chicago Sun-Times wakachanga pesa wakanunua baa mtaa wa Wells, wakaiita Mirage, yaani mazigazi. Waandishi wakawa ndo wahudumu. Juu ya vyoo wakatengeneza kijichumba cha kujificha wapiga picha. Baa yenyewe waliiacha na makosa yake makusudi, nyaya zimekaa vibaya, mabomba yanavuja, wanasubiri tu nani atakuja na atasema nini.

Wakaja. Mkaguzi anaingia, anaangalia huku na kule, anaona mabomba yanavuja, bahasha inapita, makosa yote yanapona palepale bila fundi. Na pesa yenyewe ndogo, wengine dola 10 tu, na hapo ndo utamu wa stori kwangu mimi, maana watu wanafikiri rushwa ni mamilioni kumbe usalama wa mteja aliyekaa pale na bia yake uliuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Januari 1978 gazeti likaanza kuitoa, sehemu 25. Watu waliisubiri kila asubuhi kama tamthilia.

Ila na wao walilaumiwa. Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi wa habari, waliikosa sababu wakubwa wa kamati walisema mwandishi kujifanya mwenye baa ni udanganyifu. Unakamata waongo kwa kutumia uongo, je ni sawa? Mimi binafsi siwalaumu, wale wenye biashara hawakuwa na njia nyingine ya kusikika, lakini siku hizi vikundi vingi vimehamia kwenye makaratasi na takwimu. Hakuna kijichumba juu ya choo tena, kuna mtu na kompyuta yake anapitia malipo ya jiji mstari kwa mstari mpaka macho yanauma.

SWALI: Kwa heshima zote, naona mnawatisha watu. Tunaishi kamji kadogo, watu hawafiki elfu ishirini, wote tunajuana, pesa ya mji anaishika mama mmoja tunayemwamini miaka yote. Waangalizi wa nini? Hayo ni ya miji mikubwa. (Mstaafu, Iowa)

JIBU: Mzee wangu, sitabishana nawe, nitakusimulia habari ya Dixon, Illinois, halafu utaamua mwenyewe.

Dixon ndo mji aliokulia Rais Reagan, una watu kama elfu kumi na tano hivi. Mhasibu mkuu wa mji alikuwa Rita Crundwell, kazi ameishika toka 1983, mpole, mchapakazi, kila mtu anamsifu jinsi anavyolinda pesa ya mji. Desemba 1990 alifungua akaunti benki kwa jina la mji, kwenye karatasi ikawa inaitwa RSCDA, ukiisoma unajua ni mfuko wa maji taka. Ukweli ilikuwa ya kwake. Anahamisha pesa za mji kwenda kwenye akaunti nyingine ya mji, anatengeneza ankara za uongo kama zimetoka kwa serikali ya jimbo, anaandika cheki, pesa inaangukia RSCDA. Mpaka 2012 ilikuwa imefika karibu dola milioni 53.7. Hesabu mwenyewe kwa vichwa, mji wa watu elfu kumi na tano! Huku barabara hazitengenezwi na kila idara inaambiwa bana matumizi, jimbo limechelewesha hela.

Mshahara wake ulikuwa kama dola 80,000 kwa mwaka na alikuwa na farasi karibu 400 wa mashindano. Watu waliwaona hao farasi. Walisema atakuwa amerithi.

Alikamatwaje? Alienda likizo ndefu, karani wa mji akabaki anamshikia kazi, akaomba benki wamtumie taarifa za akaunti zote badala ya zile alizozoea kuziona, ikaja na hiyo moja ambayo hajawahi kuisikia, anaiangalia ndani kuna malipo ya farasi. Akampelekea meya, meya akaita FBI, wakachunguza kimyakimya miezi kadhaa, Aprili 2012 akakamatwa. Alihukumiwa miaka 19 na miezi 7. Desemba 2024 Rais Biden akampunguzia adhabu na wenyeji wa Dixon hawakufurahi hata kidogo. Mji ulirudishiwa kama dola milioni 40, zikatoka kwa wakaguzi wa hesabu na benki ambao miaka yote hiyo hawakushtuka.

Kwahiyo mzee wangu sisemi mama yenu ni mwizi, hata kidogo, inawezekana ni malaika. Nasema anayepokea pesa, anayeandika cheki na anayelinganisha hesabu za benki wasiwe mtu mmoja, na hilo ndo swali la kwanza ambalo waangalizi wowote wakija mjini kwenu watauliza. Muulizeni nyie kabla yao. Yeye mwenyewe kama ni msafi atashukuru, maana linamlinda na yeye.

SWALI: Na California vipi? Naskia kuna meneja wa mji aliyekuwa analipwa kuliko rais. (Nesi, Los Angeles)

JIBU: Ni Bell, jirani zako kabisa hapo. Robert Rizzo, meneja wa mji wa watu kama 36,000 hivi, mji wa watu wa kazi za mikono, mshahara ulikuwa karibu dola 800,000 na ukijumlisha marupurupu ukafika kama milioni moja na nusu kwa mwaka, rais analipwa 400,000. Madiwani wa muda tu, karibu wote, walikuwa wanachukua karibu dola laki moja kila mmoja. Mlango waliopitia ni uchaguzi mdogo wa 2005, uliitishwa ili mji ujitoe kwenye mipaka ya mishahara ya jimbo, na watu waliopiga kura hawakufika 400. Mia nne, mji mzima! Na kuna mkazi aliwahi kuomba kuonyeshwa mishahara akapewa karatasi ya uongo. Ikabaki hivyo mpaka waandishi wa Los Angeles Times walipodai mikataba yenyewe 2010.

Gazeti lilipoitoa wakazi wakaunda kikundi chao, wakakiita BASTA, kwa Kihispania maana yake inatosha. Wakazunguka mlango kwa mlango, Machi 2011 madiwani wote waliobaki waling'olewa kwa kura. Rizzo alipata miaka 12. Na kitu ambacho watu wanakisahau, ofisi ya mdhibiti wa fedha wa jimbo ikaanza kuweka mishahara ya viongozi na watumishi wa miji na kaunti kwenye intaneti, ukitaka kujua meneja wa mji wako anapata ngapi unaangalia umekaa kitandani.

SWALI: Jimbo gani ni safi kuliko yote? Tunataka kuhama. (Wanandoa, Detroit)

JIBU: Mnanichekesha. 2015 Center for Public Integrity, shirika la uandishi wa uchunguzi, walitoa maksi kwa majimbo yote 50. Hakuna aliyepata A, hakuna B. Alaska aliongoza kwa C, ni majimbo matatu tu yalivuka D+, na 11 yalifeli kabisa, la mwisho kabisa ni hapo hapo Michigan mlipo, poleni. Ila jueni walikuwa wanapima sheria na mifumo, sio idadi ya wezi. Ndo maana 2012 New Jersey, jimbo ambalo kila mtu analitania kwa rushwa, liliongoza kwa B+, walikuwa wameumwa na nyoka mara nyingi wakaandika sheria kali. Msihame kwa ajili hiyo.

SWALI: Dada, nafanya kazi ofisi ya manispaa Massachusetts, kitengo cha vibali. Mkandarasi tuliyemmalizia kibali chake alirudi na kadi za zawadi za dola 100 kwa kila mmoja wetu, anasema ni asante tu, kazi ishaisha. Wenzangu wamechukua. Mimi nimeiweka kwenye droo, sijaigusa. (Wa droo)

JIBU: Mdogo wangu, rudisha. Leo. Na iandikie imeili kwamba umerudisha, ubaki na nakala.

Kwenye sheria ya Massachusetts mtumishi wa jimbo, kaunti au mji haruhusiwi kupokea kitu cha dola 50 au zaidi kwa sababu ya kazi yake, na haijalishi kimetolewa kabla au baada. Ile tume ya maadili ya jimbo ina wanasheria wanaojibu maswali ya watumishi bure, unapiga simu unaeleza, wanakuambia ufanye nini. Hao wenzako nao waambie wapige kabla hawajapigiwa.

Lakini swali lako limenifurahisha kwa sababu Mahakama Kuu ya Marekani imelibishania hilohilo. Portage, Indiana, 2013, mji ulinunua malori matano ya taka kwa kama dola milioni 1.1 kutoka kampuni moja ya malori, mwaka uliofuata kampuni ikamwandikia meya James Snyder cheki ya dola 13,000. Yeye akasema ni malipo ya ushauri. Mahakama ya chini ikamtia hatiani, kesi ikapanda juu, na Juni 2024 majaji sita kwa watatu wakasema sheria ile ya serikali kuu inakataza hongo, yaani makubaliano kabla ya kazi, haikatazi asante inayokuja baadaye kwa viongozi wa majimbo na miji. Bakshishi, wakasema, ziamue serikali za majimbo na miji zenyewe.

Sisi waswahili tunaijua hii vizuri, ndo maana tuna chai, kitu kidogo, takrima, bakshishi na mkono wa asante, maneno chungu nzima kwa bahasha ileile. Mkandarasi akijua ukimpitishia utapata asante, mwakani akija na kibali kingine hakuna haja ya kuahidi kitu, wote mnajua. Vikundi vya maadili viliichukia sana hukumu hiyo na mimi niko upande wao. Matokeo yake sasa kazi yote imeshuka kwenye sheria za majimbo, na hizo zinatofautiana vibaya. Missouri wananchi walipiga kura 2018 kwamba zawadi ya lobisti, yaani mtu anayelipwa kuwashawishi wabunge, kwa mbunge isizidi dola 5. 2020 wakaletewa nyingine inayosema isiwe hata senti, tamu sana hiyo, ila ndani yake palikuwa na kifungu kinachofuta mpango wa kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi kwa haki waliokuwa wameupitisha wenyewe miaka miwili nyuma. Ikapita. Kufuta hizo dola 5 ilikuwa sukari ya kumezea kidonge.

SWALI: (hili ni lile la kurasa nne) Ndugu mwandishi, mji wetu hapa Illinois kampuni ileile ya taka inapewa tenda kila mwaka, bei inapanda, ndoo hazichukuliwi kwa wakati, na wanasema mwenye kampuni na meya ni marafiki. Nataka kujua ukweli lakini mimi nina grini kadi tu, sio raia, naogopa kuambiwa hayanihusu. (Baba wa watatu)

JIBU: Ndugu, yanakuhusu, bili ya taka si unalipa wewe?

Sheria ya Illinois ya kuomba nyaraka inasema mtu yeyote, haisemi raia. Majimbo karibu yote yako hivyo, ila kuna machache kama Virginia na Tennessee yanayosema mwenye haki ni mwananchi wa jimbo lile, na Mahakama Kuu 2013 ilisema Virginia wanaruhusiwa kuwabagua wa nje ya jimbo. Wewe uko Illinois, usiwaze. Kila ofisi ya umma hapo lazima iwe na afisa wa kushughulikia maombi hayo, jina lake litakuwa kwenye websaiti ya mji. Hakuna fomu maalum ya lazima, imeili inatosha, na huulizwi unataka kufanyia nini, wanachoweza kukuuliza ni kama unaomba kwa ajili ya biashara, au sababu yako kama umeomba usamehewe ada, basi.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu. Wanaandika "naomba kila kitu kuhusu rushwa ya meya." Hakuna faili linaloitwa rushwa ya meya! Utajibiwa halipo na kweli halipo. Omba karatasi ambayo unajua lazima iwepo mahali. Kwa hili lako ningeandika hivi: naomba nakala ya mkataba wa sasa wa kuzoa taka na marekebisho yake yote, naomba zabuni zote zilizopokelewa kwa kazi hiyo tangu Januari 2021, na orodha ya malipo yote kwa kampuni hiyo kuanzia tarehe hiyo mpaka leo, ikionyesha tarehe na kiasi. Basi. Maneno hayafiki hamsini. Kama zabuni iliyokuja ni moja tu kila mwaka, hapo una swali la kuuliza. Kama zilikuja nne na hii ndo ya bei ya chini, basi rafiki wa meya amekushinda kihalali na utaniandikia kurasa nyingine nne.

Wana siku 5 za kazi, wanaweza kujiongezea 5 nyingine kwa sababu maalum. Kurasa 50 za mwanzo nyeusi na nyeupe ni bure. Wakikunyima au wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kuna mshauri wa masuala haya ofisini kwake, una siku 60, na hauhitaji wakili. Pembeni ya hapo angalia vitu viwili ambavyo huhitaji hata kuviomba mjini: michango ya kampeni ya meya iko kwenye websaiti ya bodi ya uchaguzi ya jimbo, unatafuta kwa jina la kampuni na la mwenye kampuni, na tamko la maslahi yake ya kiuchumi liko kwa karani wa kaunti.

Mimi mwenyewe niliwahi kuomba risiti za safari za mji mmoja ambao siutaji, nikajibiwa kwamba hazipatikani. Nikaandika tena, safari hii nikaomba ripoti za kadi ya benki ya mji kwa miezi mitatu ileile. Zikaja siku ya nne. Ndani kulikuwa na hoteli, chakula, na tairi nne za gari lisilo la mji. Tairi zikalipwa wiki iliyofuata, kimyakimya, hakuna aliyenipigia.

Ukishakuwa na makaratasi ndo uwatafute waangalizi wa jimbo lako. Ukienda nayo mkononi wanakusikiliza kwa sababu hawana watu wa kutosha. Marekani ina serikali za mitaa zaidi ya 90,000, ukihesabu kaunti, miji, wilaya za shule, za maji, za zimamoto mpaka za kuua mbu, na magazeti zaidi ya 3,000 yamekufa toka 2005. Nani atazichunga hizo serikali zote?

SWALI: Hao waangalizi nani anawalipa? Jirani yangu anasema wote ni wa Democrats. (Dereva wa malori, Ohio)

JIBU: Jirani yako yuko nusu sawa. Vingine vina mrengo na wala havifichi, vipo vya kushoto na vya kulia, vinachimba upande wa pili kwa bidii zaidi kuliko upande wao. Hata hivyo karatasi ikiwa ya kweli ni ya kweli, haijalishi nani kaileta. Wewe angalia tu wamewahi kumfukuzia nani. Kikundi ambacho miaka kumi kimekamata chama kimoja tu, kisome ukiwa macho. Na angalia fomu yao ya kodi, ile 990, ni ya wazi kwa kila mtu, inaonyesha mapato na mishahara ya wakubwa. Mashirika ya hisani aina ya 501(c)(3) yamekatazwa kabisa kumpigia debe mgombea. Yapo ya aina nyingine, 501(c)(4), hayo yanaweza kuingia siasani na sio lazima yataje wachangiaji.

Na nyie wa Ohio ndo wajuaji wa hilo, dereva. Generation Now lilikuwa shirika la 501(c)(4) lenye jina zuri kabisa, kumbe ndo mfuko wa Larry Householder, Spika wa baraza la wawakilishi la jimbo, zikapita humo kama dola milioni 60 kutoka kwa kampuni ya umeme ya FirstEnergy, na bunge likapitisha sheria ya kuokoa mitambo ya nyuklia kwa zaidi ya dola bilioni moja zinazotoka kwenye bili za wateja. 2023 akahukumiwa miaka 20. Kwahiyo jina tamu la shirika lisikupe usingizi.

SWALI: Nina kazi mbili na kiingereza changu cha kubahatisha. Naweza kusaidia kweli? (Mama, San Diego)

JIBU: Unaweza mama. Chama cha wanawake wapiga kura, League of Women Voters, cha toka 1920, kina utaratibu wa watazamaji, mtu anaenda kikao cha baraza amevaa beji, anakaa, anaandika kilichotokea, haongei kwa niaba ya chama, anarudi nyumbani. Chicago kuna kundi la City Bureau, wao wanawafundisha watu wa kawaida kisha wanawalipa kuhudhuria vikao na kuandika, mpango unaitwa Documenters na umeshafika miji mingine kama Detroit na Cleveland. Kikao kimoja kwa mwezi kinatosha. Nenda hasa siku ambayo ajenda inaonekana haina kitu, ile orodha ndefu ya mambo yanayopitishwa kwa mkupuo bila kujadiliwa, mikataba inapenda kukaa humo.

Kuhusu kuongea, kwa kawaida mwananchi anapewa dakika kama 3 kipaza sauti kikazimwa. Ila wewe uko California, na sheria ya vikao vya wazi ya hapo inasema anayeongea kwa mkalimani apewe angalau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa kama wana mitambo ya kutafsiri papo hapo. Sema Kiswahili chako. Mwenzio yuko na dakika 3, wewe una 6.